UZI: Nilivyopoteza domeini ya biashara yangu hapa Tanga, na nilivyopanga upya tovuti na barua pepe

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa humu wa miaka mingi, kuchangia nachangia kwa nadra, ila hili nimeshindwa kukaa nalo. Juzi mdogo wangu mmoja wa Makorora, anauza mikoba ya mkonge, kaniambia kwa furaha amepata fundi wa kumtengenezea tovuti. Kila kitu atafanya fundi, yeye kazi yake kutoa hela tu. Nikamuuliza, domeini, yaani lile jina la tovuti mtandaoni, itasajiliwa kwa jina la nani? Akaniangalia kama nimemuuliza jambo la ajabu. Usiku ule sikulala vizuri, ndiyo maana naandika.

Mimi nafungasha viungo: iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu kutoka Amani, kule Muheza. Mzigo unashuka mjini, tunachambua, tunaanika, tunasaga, tunapakia. Tupo watu wanne, chumba chetu kipo Ngamiani, barabara ya 12.

Mwanzo niliuza kwa WhatsApp na Instagram na ilitosha. Mambo yalibadilika nilipoanza kupeleka sampuli kwenye mahoteli ya Dar na Zanzibar. Ofisa manunuzi wa hoteli moja alifungua pakiti ya iliki mbele yangu, akapasua punje moja kwa kucha, akanusa, akasema mzigo mzuri. Halafu akaniambia, "Mama, nitumie ankara ya profoma kwa email ya kampuni. Kwa hii ya gmail mhasibu wangu hatoi LPO, ile oda rasmi ya kununua." Tangu napanda basi hadi nashuka stendi ya Kange nilikuwa na neno hilo tu kichwani.

Nikampata kijana wa kunitengenezea. Sisemi ni mbaya, kazi aliifanya na tovuti ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba domeini (ilikuwa .com) aliisajili kwenye akaunti yake, hostingi (kompyuta ya kukodi inakokaa tovuti) kwenye akaunti yake, nywila zote anazo yeye. Mwaka wa kwanza hakuna shida. Mwaka wa pili akapata kazi mkoa mwingine, akabadilisha namba. Taarifa za kulipia upya zilikuwa zinaingia kwenye barua pepe yake, mimi sijui lolote. Jumatatu moja asubuhi binti anayenisaidia mauzo ananiambia, "Dada, mteja anasema email yetu inarudi." Nafungua tovuti, nakuta ukurasa wa matangazo ya watu nisiowajua.

Hapo ndipo nilipojifunza utaratibu ambao ningetakiwa kuujua mapema. Domeini ya .com ikiisha muda haipotei siku hiyohiyo. Uliyesajili kwake anaweza kukuacha uilipie kawaida kwa siku kadhaa, hadi 45. Ikipita hapo inaingia siku 30 za kuikomboa, na kuikomboa kuna faini ya maana. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu inakuwa ya yeyote atakayewahi. Siku zote hizo ni za mwenye akaunti, wakuu. Mimi sikuwa mwenye akaunti. Nilipiga simu, niliandika, nilituma na uthibitisho wa malipo niliyompa yule kijana. Kwa upande wao mimi ni mpita njia. Mtu wa nchi nyingine akaichukua.

Kilichoniuma zaidi ni vifungashio. Nilikuwa nimeshachapisha pakiti 3,000 zenye anwani ya zamani. Tulikaa usiku nne mfululizo tukibandika karatasi nyeupe juu ya ile anwani, pakiti moja baada ya nyingine. Zilipofika dukani, wateja wakawa wanaikwangua ile karatasi kwa kucha, wanadhani tumefunika tarehe ya kuisha muda. Mwenye duka mmoja akanirudishia mzigo wote.

Kwa hiyo kabla ya rangi za tovuti na nembo na mengine yote, ninaloomba mlishike ni hili: domeini isajiliwe kwa jina lako, kwenye akaunti yako. Fikiria laini ya simu iliyosajiliwa kwa NIDA ya mtu mwingine. Unaitumia, wateja wote wanaijua namba, lakini siku ikifungwa huwezi kwenda kuirudisha kwa sababu alama za vidole si zako. Domeini ni hivyohivyo. Fundi mpe ruhusa ya kuingia kwenye hostingi, afanye kazi yake, akimaliza badilisha nywila. Ukurasa wa tovuti unaweza kujengwa upya hata mara tano. Jina likienda limeenda.

Na kuna kosa dogo linalowakamata hata waliojisajilia wenyewe. Akaunti ya domeini usiifungue kwa barua pepe ya domeini hiyohiyo. Siku domeini ikikata, barua pepe nayo imekata, na kiungo cha kurudisha nywila kinatumwa huko usikoweza kuingia. Tumia gmail yako binafsi, na namba ya simu iliyo mfukoni mwako, isiwe ya mfanyakazi.

Mara ya pili nimechukua co.tz. Msijaribu kusajili kwa kuangalia bei peke yake, angalieni pia mteja wenu ni nani. Wangu wako hapa nchini na co.tz inawaambia mara moja kwamba ni biashara ya Tanzania. Zipo pia or.tz kwa taasisi, sc.tz kwa shule, me.tz kwa mtu binafsi, hata hotel.tz ipo. Na jina kupitishwa na BRELA, wale wanaosajili majina ya biashara, hakukupi domeini, ni vitu viwili tofauti; kabla hujalipia jina la biashara angalia kama domeini yake iko wazi.

Jina lenyewe lijaribu kwa simu. Nilitaka jina lenye neno "ladha". Nikawapigia watu watano, nikawatajia, nikawaambia waandike wanitumie. Wawili waliandika kwa z. Nikaliacha.

Nitaendelea kwenye barua pepe, maana huko ndiko nilikopoteza muda mwingi zaidi. Kama kuna swali ulizeni.

#2

Asante kwa uzi dada, pole sana na zile pakiti. Ila mimi nina mtazamo tofauti. Biashara ndogo tovuti ya nini? Mimi nauza samaki wakavu hapa Deep Sea, Instagram na WhatsApp vinaniletea wateja hadi Arusha. Naona tovuti ni gharama ya kujionyesha.

#3 Mleta mada

Kaka, sikupingi. Kama wateja wako wananunua kwa simu na wanalipa kwa Lipa Namba, endelea hivyohivyo, tovuti inaweza kusubiri. Hata mimi tovuti yangu sasa ni ukurasa mmoja tu: picha, bei, kiasi cha chini cha jumla, kitufe cha WhatsApp na ramani. Pini ya Google Maps niliweka bure kabisa na inaniletea watu kuliko ule ukurasa.

Ila domeini na barua pepe usisubiri. Akaunti ya Instagram si mali yako. Jirani yangu wa nguo akaunti yake iliibwa na watu waliojifanya wanampa alama ya uthibitisho, wafuasi wote wakaenda nayo. Angekuwa na domeini angeielekeza popote, wateja wakamkuta. Na siku utakapotaka kuuzia hoteli au supamaketi, au kujisajili NeST kwa zabuni za umma, utaulizwa barua pepe. Ukiandikisha ya mfanyakazi, akiondoka anaondoka na taarifa zako zote.

#4

Dada naomba ueleze ya barua pepe taratibu. Nimeshalipia domeini, mwenye hostingi kanipa cPanel (ukurasa wa kusimamia hostingi), nimefungua info@ na inafanya kazi. Lakini nikituma kwa mtu wa gmail inaingia spamu. Nimekata tamaa.

#5 Mleta mada

Usikate tamaa, hilo lina dawa. Nililipitia wiki tatu nzima. Yule ofisa manunuzi nilimtumia profoma mara mbili, kimya. Nikadhani hanitaki. Kumbe zote mbili ziko kwenye spamu yake, na yeye alikuwa anadhani mimi ndiye sipo makini.

Iko hivi. Barua pepe kwa asili yake inamruhusu yeyote kuandika jina lolote sehemu ya mtumaji, kama bahasha ya posta ambayo nyuma yake unaweza kuandika jina unalotaka. Kwa hiyo wanaopokea wameweka ukaguzi, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza zaidi. Ukaguzi huo unategemea mistari unayoiweka wewe mwenyewe kwenye rekodi za DNS za domeini yako, yaani orodha inayouambia mtandao tovuti na barua za jina lako ziko wapi.

Mstari wa MX unasema barua zinazokuja ziende seva gani, yaani kompyuta gani ya kuzipokea. Huo ukikosea hupokei kitu. Kisha kuna SPF, ni mstari wa TXT (wa maandishi) unaotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Kwa anayetumia Google unakuwa hivi: v=spf1 include:_spf.google.com ~all

Mimi kosa langu lilikuwa hapo. Nilihamia huduma nyingine ya barua pepe, nikaongeza mstari wao wa SPF, ule wa hostingi nikauacha. Mistari miwili ya SPF kwenye domeini moja haijumlishwi, ukaguzi mzima unahesabiwa kuwa na hitilafu. Inatakiwa uwe mmoja tu, na ndani yake unaweka include zote unazohitaji. Nilipoziunganisha, barua zikaanza kuingia sehemu yake.

DKIM ni sahihi. Seva yako inatia sahihi kila barua kwa ufunguo wa siri, na wewe unaweka ufunguo wa wazi kwenye DNS ili anayepokea alinganishe. Barua ikichezewa njiani, sahihi haikubali. Ya mwisho ni DMARC, inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyofaulu: waipitishe (none), waitupe spamu (quarantine), au waikatae (reject). Anza na none, usome ripoti wiki chache, ukiona barua zako zote zinafaulu ndipo upandishe. Ukianza na reject kabla hujajipanga utajikatia mwenyewe.

Kupima ni rahisi. Tuma barua kwenye gmail yako binafsi, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vile vidoti vitatu, chagua kuona ujumbe halisi. Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja imeandikwa PASS au FAIL. Fanya hivyo leo, ulete majibu hapa.

#6

Mimi ni fundi wa hizi kazi, naunga mkono mleta mada. Tuseme ukweli wakuu, mafundi wengine wanashikilia domeini makusudi ili mteja asihame. Si haki. Naongeza jambo: watu wengi wakihamisha tovuti hostingi mpya wanabadilisha nameserver (seva zinazotunza rekodi za DNS) bila kunakili rekodi za zamani. Tovuti inafunguka, barua pepe zinakata, na wanagundua baada ya siku mbili. Kabla ya kuhama, piga picha ukurasa mzima wa DNS, MX na TXT zote zihamishie upande mpya kwanza.

#7 Mleta mada

Asante sana fundi. Watu kama wewe ndio tunaowahitaji.

#8

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Nina nyumba ya wageni, vyumba sita, karibu na Mji Mkongwe. Wageni wangu wengi wanakuja kwa Caravan Serai, Kaole na lile tamasha la sanaa pale chuo cha TaSUBa, wachache wanaunganisha hifadhi ya Saadani. Wanapitia mitandao ya kuweka nafasi na kamisheni ni kama asilimia 15 ya kila usiku. Nataka wanaorudi waweke nafasi kwangu moja kwa moja. Mwanangu kanitengenezea ukurasa na fomu, mgeni anajaza jina, tarehe, na anapakia picha ya pasipoti. Mna ushauri gani? Na kuna mgeni wa Ujerumani tangu juzi hajajibu bei niliyomtumia.

#9 Mleta mada

Karibu sana kaka. Kwanza lile la pasipoti, liondoe leo. Fomu inachukua picha ya pasipoti ya mtu, inaituma kwenye barua pepe, inakaa humo miaka, na kila mfanyakazi mwenye nywila anaiona. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Taarifa usizozihitaji kwa wakati huo usizikusanye. Kuweka nafasi unahitaji jina, tarehe, idadi ya watu na mawasiliano. Pasipoti utaiona mgeni akifika mapokezi.

Pili angalia kama ukurasa wako una kufuli, yaani https. Mgeni akiona onyo la kwamba si salama hajazi chochote. Cheti cha hiyo kufuli usiuziwe kwa bei kubwa, Let's Encrypt wanatoa bure, kinadumu muda mfupi ila hostingi nyingi zinakihuisha zenyewe.

Tatu, picha. Yule kijana wangu aliweka picha 12 kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja MB 4. Mteja mwenye bando la MB 500 akifungua ukurasa wangu mara moja tu, karibu sehemu ya kumi ya bando imekwenda, na wengi walikuwa hawasubiri hadi ifunguke. Sasa kila picha ni chini ya KB 150 na kwa macho huoni tofauti.

Na huyo Mjerumani, naogopa bei yako iko kwenye spamu yake. Pima kama nilivyoeleza hapo #5.

#10

Swali dogo: ni lazima kulipia Google? Sisi tupo watatu, kila mmoja awe na anwani yake, ni hela nyingi kila mwezi.

#11 Mleta mada

Si lazima. Barua pepe ya hostingi inafanya kazi kama rekodi zimekaa sawa, ila nafasi huwa ndogo na seva mnachangia na wengi; mmoja wao akituma takataka nanyi mnaathirika. Mimi nalipia Google kwa mtumiaji mmoja tu, kama dola 7 kwa mwezi. Anwani za mauzo@, hesabu@ na oda@ nimezifungua kama majina ya ziada ya sanduku hilohilo, hayalipiwi. Barua zinaingia sehemu moja, binti wa mauzo anazipanga.

Na mkisoma kwenye simu chagueni IMAP, inayoacha barua kwenye seva. POP mara nyingi inashusha barua kwenye simu na kuzifuta kwenye seva, simu ikiibwa LPO zote zimeenda nayo.

#12

Jamani nimepata barua kwamba domeini yangu inaisha kesho nilipe dola 89 kwa kiungo hiki. Nilipe?

#13 Mleta mada

USILIPE. Usiguse hicho kiungo. Fungua mwenyewe akaunti yako kwa msajili wako, yaani kampuni uliyosajilia domeini, andika anwani kwa mkono, angalia tarehe. Hawa wanatuma barua za vitisho kwa wenye domeini mpya. Wapo pia wanaojifanya mgavi wako, wanasema wamebadilisha akaunti ya benki. Sisi hapa ni mwiko: akaunti au Lipa Namba ikibadilika kwa barua pepe, tunapiga simu kwenye namba ya zamani kwanza, tusikie sauti.

#14

Huyu wa Bagamoyo tena. Fomu ya pasipoti nimeitoa, mwanangu kaelewa. Nimepima: SPF PASS, DKIM FAIL, DMARC FAIL. Ufunguo wa DKIM niliunakili kwa simu kutoka kwenye PDF.

#15 Mleta mada

Hapo ndipo penye kosa. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu, unazidi herufi 255 ambazo kipande kimoja cha TXT kinabeba. Paneli nyingine zinaukata zenyewe vizuri, nyingine zinataka uugawe vipande viwili, kila kimoja kwenye alama zake za kunukuu, bila kuongeza kitu katikati. Na kunakili kwa simu kutoka PDF kunaingiza nafasi au kuruka mstari. Futa rekodi yote, fungua kwa kompyuta, nakili kutoka kwenye paneli ya barua pepe yenyewe. DMARC itafuata, maana yenyewe inataka angalau moja ya zile mbili ifaulu na ilingane na jina la mtumaji. Naona SPF yako inafaulu kwa jina la hostingi, si lako. Subiri kama saa moja kabla hujapima tena.

#16

Dada, zote tatu PASS! Nimemtumia yule mgeni bei upya. Amejibu ndani ya dakika ishirini, alikuwa anasubiri, anataka vyumba viwili usiku tatu. Mungu akubariki.

#17 Mleta mada

Amina kaka, umenifurahisha mno! Sasa kabla hujalala ingia kwenye akaunti ya domeini, angalia jina lililoandikwa ni lako au la mwanao, na tarehe ya kuisha iandike kwenye kalenda ya ukutani pale mapokezi. Mimi nimelipia miaka miwili na nimeiandika kwa kalamu nyekundu juu ya mizani.

Yule mdogo wangu wa Makorora kaja leo asubuhi. Tumekaa hapa barabara ya 12, tumesajili kwa jina lake na gmail yake, fundi kapewa ruhusa ya hostingi peke yake, na kakubali bila maneno. Jumamosi anapiga picha za mikoba. Zikipanda nitazileta hapa mzione.